Kukifikia kidhibiti kilicho ndani ya kiolezo cha data: ushauri kwa wanaoanza WPF

Vijana mnaoanza kuandika programu za madukani hapa Tanga kwa WPF, zana ya Microsoft ya kutengeneza madirisha ya programu za Windows, mtakutana mapema na jambo hili. Umetengeneza orodha ya bidhaa za duka la vifaa vya ujenzi kule Ngamiani, kila mstari unajengwa kutokana na kiolezo cha data (DataTemplate) chenye vidhibiti viwili, kisanduku cha idadi na kitufe cha kuuza, na kisanduku umekipa jina kwa x:Name. Lakini ukilitaja jina hilo kwenye msimbo wa dirisha, programu haikubali kujengwa, kwa madai kuwa jina halijulikani.

Hapo hujakosea tahajia. Kiolezo ni mchoro tu, ambao WPF huutumia kujenga nakala kwa kila bidhaa, na kila nakala ina eneo lake la majina. Bidhaa zikiwa 200, jina hilo moja linaweza kuwa la visanduku 200.

Njia ya kukifikia ipo: iombe ItemContainerGenerator ya orodha ikupe kontena la bidhaa unayoitaka, yaani kile kinachobeba mstari wake, shuka ngazi kwa ngazi ndani yake kwa VisualTreeHelper mpaka uipate ContentPresenter, sehemu inayoonyesha nakala ya kiolezo, kisha uite FindName ya kiolezo ukiipatia jina pamoja na hiyo ContentPresenter. Lakini orodha ya aina ya ListBox kwa kawaida haijengi mistari iliyo mbali na sehemu inayoonekana, kwa hiyo kontena la bidhaa iliyo chini kabisa litakuja null (yaani hakuna kitu) mpaka uite ScrollIntoView ili mstari wake usogezwe uonekane, na mara nyingi UpdateLayout pia ili mpangilio ujengwe papo hapo.

Lipo na tatizo kubwa zaidi. Tuseme saruji imekwisha, nawe umekipaka kisanduku chake rangi nyekundu moja kwa moja. Ikiwa orodha imewekwa itumie tena makontena yake, muuzaji akiisogeza, wekundu ule utaibukia kwenye misumari ambayo imejaa stoo, naye atamwambia mteja hakuna.

Ndiyo maana nawasihi mbadilishe data, si kidhibiti. Fungamanisha kisanduku na idadi, darasa la bidhaa litekeleze INotifyPropertyChanged ili litangaze thamani inapobadilika, na rangi iamuliwe na DataTrigger, kanuni inayobadilisha mwonekano kufuata data, idadi inapofika 0. Kitufe kikibonyezwa, DataContext (data iliyofungwa kwenye kidhibiti) ya kitufe kilichotuma tukio ndiyo bidhaa yenyewe. Hakuna haja ya kutafuta. Kukishika kidhibiti chenyewe kubaki kwa mambo ya skrini tu, kama kupeleka kishale kwenye kisanduku, na hata hapo tukio la Loaded lililoandikwa ndani ya kiolezo hukukabidhi kidhibiti hicho bila kushuka ngazi yoyote.