Jibu: Ng'ombe kuvimba macho baada ya sindano

Mkuu pole sana. Umeuliza kwanini ng'ombe wako kavimba kope na mdomo dakika chache baada ya kuchomwa penisilini, na kama dawa za aleji zinasaidia. Hiyo ni aleji, mwili wake ulishakutana na hiyo dawa zamani ukaiweka kichwani kama adui, sasa safari hii imeingia tu zile seli za kwenye ngozi na mapafu zikamwaga histamini na kemikali zingine, mishipa midogo ya damu ikaanza kuvujisha maji ndo huo uvimbe unaouona.

Kwa ng'ombe hatari kubwa iko kwenye mapafu. Wa kwangu hapa Kisesa alinyoosha shingo, ulimi nje, povu puani, yani nilitetemeka, daktari wa mifugo akamchoma adrenalini fasta na pumzi ikarudi. Akihema kwa shida adrenalini ndo dawa ya kwanza, inabana mishipa inafungua njia za hewa. Dawa za kuzuia histamini zinakalia nafasi ambayo histamini ingeshika, ila ng'ombe anamwaga na kemikali zingine kama serotonini so zenyewe tu hazitoshi. Deksamethasoni inatuliza uvimbe lakini inachelewa, na kama ana mimba kubwa mwambie daktari kabla maana inaweza kuitoa.

Maziwa usiyapeleke sokoni Igoma wala watoto wasinywe mpaka siku alizosema daktari ziishe. Na hiyo penisilini iandike kwenye daftari lake, asichomwe tena kabisa.