Fundi Anajibu: Ziba Vakyumu Kwanza, Distribyuta Baadaye

SWALI: Shikamoo fundi. Nina lori dogo la zamani, injini ya petroli ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kabureta, na distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi) ya kontakti pointi (vidole vinavyofunguka na kufunga ili cheche ipige). Likishapata moto, sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) inatetemeka, na nikikanyaga breki nikiwa nimesimama linataka kuzima. Pedali nayo imekuwa ngumu siku hizi. Fundi aliyeliangalia alizungusha distribyuta kwa kusikiliza tu mpaka likatulia, akasema kazi imekwisha. Sasa nikipandisha mlima na mzigo linagonga kama misumari ndani ya kopo, na nikilizima likiwa na moto, kuliwasha tena ni shida: stata inazunguka nusu halafu inasukumwa nyuma. Nirudishe taimingi (wakati wa cheche kupiga), au ninunue kabureta mpya? – Mwenye lori la urithi

JIBU: Marahaba. Kabureta iache ilipo. Distribyuta nayo usiiguse leo, ingawa kwa dalili hizo za mlimani na za stata sina shaka moto, yaani cheche ya plagi, umewahishwa kupita kiasi. Jibu lako limo kwenye ile sentensi ya breki uliyoipitia haraka.

Servo ya breki, kifaa kinachousaidia mguu kukandamiza pedali, inafanya kazi kwa vakyumu (mfyonzo wa hewa) ya injini, inayokuja kwa mpira mnene kutoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Diaframu (utando wa mpira) ya ndani ikipasuka, kila ukikanyaga pedali unaifungulia injini mlango wa hewa ambayo kabureta haikuipimia petroli. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, silinda zinamisi, na mguu wako unakosa msaada, ndiyo maana pedali ni ngumu.

Mchanganyiko mwepesi huungua polepole. Ukiuwahisha moto, sailensa inatulia kidogo, na hapo ndipo mwenzangu alipodanganyika. Alichofanya ni kuuficha uvujaji nyuma ya taimingi. Ukiwa umesimama unaona nafuu, lakini ukikanyaga mafuta mlimani silinda zinajaa, mchanganyiko unaungua haraka, na cheche ile imeshawahi mno. Kule kugonga kukiendelea kutatoboa pistoni, kwa hiyo usibebe mzigo mpaka umalize kazi hii.

Anza na servo. Zima injini, pampu pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ikandamize kwa mguu, kisha washa. Servo nzima itaifanya pedali ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, injini ikiwa sailensa funika ule mpira mnene kwa kitambaa, uubane kwa koleo. Sailensa ikibadilika papo hapo, hewa inaingilia upande wa servo. Kabla ya kulaumu servo yenyewe, kagua mpira na ile valvu ndogo ya kuzuia hewa isirudi. Mpira wa zamani hupasuka pale unapovaa kwenye bomba, upande wa chini usioonekana. Ukunje kwa vidole ndipo utaona nyufa. Servo ikithibitika imepasuka, lori lisitembee kabla haijabadilishwa. Hizo ni breki.

Mipira mingine midogo ibane mmoja mmoja kwa njia hiyohiyo. Kisha kaza nati za kabureta na boliti za manifoldi, zinyunyizie maji kidogo kwenye maungio huku injini ikiwa sailensa. Ikishtuka, gasketi hapo inapitisha. Wapo wanaonyunyizia petroli, mimi simruhusu mtu afanye hivyo karibu na ekzosi iliyopata moto. Ukiwa na geji ya vakyumu, injini nzima kwa sailensa husoma kama inchi 17 hadi 21 za zebaki usawa wa bahari, sindano ikiwa imetulia. Toa karibu inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Sindano inayodondoka kwa mpigo uleule kila mara inazungumzia valvu, na hapo hakuna mpira utakaokusaidia.

Bado mpira mmoja, unaokwenda kwenye kile kikopo kilichobandikwa ubavuni mwa distribyuta. Huo ndio unaowahisha moto ukiwa unatembea kwa mguu mwepesi, na kuurudisha ukikanyaga sana, kwa sababu vakyumu huanguka. Fungua kofia ya distribyuta, toa rota (kile kinachozunguka chini ya kofia), chomoa mpira kwenye kabureta, ufyonze kwa mdomo. Bamba lililobeba pointi lazima lisogee. Sasa ziba tundu la mpira kwa ulimi: bamba likae palepale. Likirudi taratibu, diaframu imetoboka, na hicho nacho ni kitundu kingine cha hewa. Lisiposogea kabisa, aidha diaframu imekufa au bamba limeganda kwa uchafu.

Hapo sasa ndipo taimingi. Weka nafasi ya pointi kwanza, maana ukiipanua unawahisha moto, ukiibana unauchelewesha. Ukiiweka mwisho umeharibu ulichopima. Safisha alama ya puli, ipake chaki. Chomoa ule mpira wa distribyuta na uuzibe, shusha sailensa mpaka mzunguko uliotajwa kwenye kitabu cha injini yako, kisha funga taa ya taimingi kwenye waya wa plagi namba moja. Ukipima sailensa ikiwa juu, vyuma vya uzito ndani ya distribyuta, vinavyowahisha moto injini ikizidi kasi, vimeshaanza kufunguka na alama itakudanganya. Legeza boliti, zungusha distribyuta polepole: kinyume na mzunguko wa rota ni kuwahisha, kuufuata ni kuchelewesha. Digrii fuata kitabu, wala usikubali namba ya injini ya jirani.

Ukishakaza, piga resi ukiwa bado na taa mkononi. Alama isogee mbele kwa utulivu na irudi. Ikigoma kusogea, vile vyuma vimeshika kutu. Ikirukaruka ovyo, kagua bushi ya distribyuta, na cheni ya taimingi kama injini yako inayo.

SWALI: Fundi, sina taa ya taimingi. Naweza kuseti bila hiyo? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Kama una pointi, unaweza. Zungusha krenki kwa spana mpaka silinda namba moja iwe inabana na alama ifike kwenye digrii za kitabu. Unganisha balbu ndogo ya volti 12 kati ya ule waya wa koili unaokwenda kwenye distribyuta na bodi, fungua swichi bila kuwasha. Legeza distribyuta, izungushe kufuata rota mpaka balbu izime, halafu irudishe kinyume kidogo kidogo. Inapowaka tu, pointi zimefunguka: kaza hapo. Usiache swichi wazi muda mrefu, koili itaungua. Na ukipata taa ya kuazima, hakikisha tena kwa taa, kwa sababu balbu haikuonyeshi kama vile vyuma vya uzito vinafunguka.