Kabla hujachukua fremu ya pili

Wadogo zangu mnaoanza biashara ya nguo, haupiti mwezi bila mmoja wenu kuniuliza achukue fremu ya pili ya duka lini. Huwa namsimulia habari za Forever 21, kampuni ya maduka ya nguo ya Marekani. Lebo yao bado inatoka kwenye mabelo ya mtumba pale soko la Karume, na mimi mwenyewe nimeshaiuza sana.

Walioianzisha, Do Won Chang na mkewe Jin Sook, walihamia Marekani kutoka Korea Kusini mwaka 1981. Mume alifanya usafi, akahudumu kwenye mgahawa wa kahawa, akajaza watu mafuta petroli stesheni. Huko akagundua kwamba wenye magari mazuri wengi wao walikuwa watu wa nguo. Mwaka 1984 wakafungua duka Los Angeles, mtaa wa Figueroa, wakaliita Fashion 21, jina lililokuja kuwa Forever 21. Lilikuwa na futi za mraba 900, sawa na fremu nne au tano za kwetu ukizivunja kuta. Mwaka wa kwanza tu waliuza dola 700,000.

Nguvu yao ilikuwa kwenye mzigo. Walichukua kwa wenye viwanda nguo zilizobaki, kwa bei ya kutupa, wakauza kwa faida ndogo, pesa ikirudi wanakimbilia mzigo mwingine. Binti aliyepita Jumamosi hii, Jumamosi ijayo anakuta vitu vingine kabisa, tena vya kununulika kwa pesa ya mwanafunzi. Hilo waigeni.

Halafu wakaanza kupenda majengo. Maduka makubwa kama Mervyn's yalipofilisika mwaka 2008, wao wakahamia kwenye nafasi zilizoachwa. Ikafika mahali duka lao moja, kwa wastani, lina futi za mraba 38,000. Ukubwa huo haujazwi na blauzi za mabinti peke yake, kwa hiyo wakaongeza nguo za kiume na za watoto. Nje ya nchi nako, binti yao Linda alieleza kwamba walitoka nchi 7 hadi 47 katika miaka isiyotimia 6. Kodi haikungoja mauzo. Septemba 2019 wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na Februari 2020 kampuni ikauzwa dola milioni 81. Miongoni mwa walionunua walikuwemo wenye majengo yao, Simon na Brookfield! Machi 2025 maduka ya Marekani yakafilisika tena, safari hii yakiwalalamikia Shein na Temu, wauzaji wa mtandaoni wanaouza kwenye simu, ambao wakati huo waliingiza vifurushi vya chini ya dola 800 bila ushuru.

Mimi yalinikuta kwa kiwango changu. Dalali alinionyesha fremu ya kona, nikatoa kilemba, yaani pesa ya kuachiwa fremu, na kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mtaji wa mzigo ukawa umeishia kwenye ukuta. Nikagawa nguo za fremu ya kwanza nusu kwa nusu, na mteja akiona hanga zimeachana haulizi hata bei, anageuka mlangoni. Mwezi wa tano nilirudisha funguo, na wateja wangu wa zamani walikuwa wameshazoea kwa jirani.

Kwa hiyo anayetaka kuniuliza tena aje na daftari. Nataka kuona tarehe aliyopanga mzigo, tarehe nguo ya mwisho ilipotoka, na kodi anayolipa kwa mwezi. Tutaanzia hapo.