Maswali na majibu: Mbona filamu yangu ya ziwani haimshiki mtazamaji?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni kijana wa Kibirizi, Kigoma. Nikiwa na wenzangu nimetengeneza filamu fupi ya dakika 14 kwa simu mbili na kamera moja ya kuazima. Inahusu mvuvi wa dagaa anayeingia ziwani usiku na mdogo wake wa miaka 12. Wakiwa katikati ya maji mtumbwi unaanza kujaa, mvuvi anahangaika, mtoto anatumbukia. Mwisho kabisa ndipo tunaonyesha kwamba jirani mwenye wivu alichokoa kalafati ya mtumbwi, ile pamba inayoziba mianya ya mbao, mchana ule. Tuliionyesha kwenye kibanda umiza (banda la kuonyeshea video) kimoja cha Mwanga, hapahapa Kigoma. Watu walishtuka mara moja tu, mtoto anapotumbukia, maana pale tumeweka muziki mkubwa. Muda mwingine wote walikuwa wanapiga stori na kuchezea simu. Wapo wanaonishauri nikodi kamera kubwa, wapo wanaosema niongeze muziki wa kutisha. Tatizo hasa liko wapi? Wale mabingwa wanafanyaje mpaka mtu anabanwa na mkojo lakini hataki kutoka? Na mtoto afe au apone?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kamera kubwa usikodi. Itakupa picha safi zaidi ya filamu ileile iliyowafanya watu wachezee simu. Muziki tutaufikia baadaye.

Tatizo lako liko kwenye habari: nani anajua nini, na anakijua lini. Umemficha mtazamaji jambo kubwa kuliko yote, ukamfunulia dakika ya 13. Kwa hiyo kwa dakika 12 alikuwa anatazama watu wawili wakivua. Mtu wa Kigoma ameona watu wakivua dagaa tangu azaliwe, kwa nini aache simu yake?

Mwaka 1962 mwongozaji Mfaransa François Truffaut alikaa na Alfred Hitchcock, mwongozaji Mwingereza aliyesifika kwa filamu za taharuki, kwa mahojiano marefu yaliyotoka kuwa kitabu mwaka 1966. Humo Hitchcock alitoa mfano ambao kila mhariri wa filamu hufundishwa mapema. Watu wamekaa mezani wanazungumza mambo ya kawaida, na chini ya meza kuna bomu. Kama mtazamaji hajui, bomu likilipuka anashtuka kwa sekunde 15, basi. Lakini kama amemwona mtu akilitega, anajua litalipuka saa saba kamili, na saa ya ukutani inasema saa saba kasorobo, mazungumzo yaleyale yasiyo na maana yanamtesa kwa dakika 15. Anataka kuwapigia kelele waondoke. Kitu cha kwanza ni mshtuko, cha pili ni taharuki, na wewe ulipata mshtuko mmoja.

Watu wa vibanda umiza wanalijua jambo hili kuliko wanavyodhani. Sikiliza wanavyompigia kelele mhusika mkuu: "Steringi, geuka! Adui yuko nyuma ya mlango!" Hawawezi kupiga kelele hiyo kama wao wenyewe hawajamwona adui akijificha. Hata wale watafsiri wanaozungumza juu ya filamu za nje wana mchezo huo: wanamtonya mtazamaji kwamba huyu anayecheka ndiye muuaji, kabla filamu yenyewe haijasema. Wapo wanaowalaumu kwamba wanaharibu utamu. Mimi naona mara nyingi wanauongeza.

Sasa chukua sini (onyesho) yako ya mwisho uilete mwanzo kabisa. Mchana, ufukweni, jirani amechuchumaa upande wa mtumbwi usioonekana na watu, anachokoa pamba ya kalafati kwa ncha ya kisu. Onyesha mikono, onyesha pamba ikitoka vipande vipande, onyesha akiisokota na kuitia mfukoni. Usitie neno lolote la maelezo. Kisha kata: mvuvi na mdogo wake wanashusha wavu na taa, wanataniana. Angalia kilichotokea. Hukubadilisha hata sentensi moja ya utani wao, lakini kila neno sasa lina uzito. Mtoto akisema "kaka, leo tukipata nyingi utaninunulia viatu," watu wataguna.

Mtumbwi wako una kitu ambacho waandishi wengi wa skripti wanakitafuta bila kukipata, yaani saa inayoonekana. Maji yenyewe ndiyo saa. Weka kamera chini, ndani ya mtumbwi, mahali pamoja pasipobadilika, ikitazama mbao za sakafuni na ndala za mtoto. Mara ya kwanza mbao zina unyevu tu. Ukirudi pale, maji yamefunika mbao. Ukirudi tena, ndala imeanza kuelea. Fremu, yaani eneo linaloonekana kwenye picha, iwe ileile kabisa kila unaporudi, ili jicho la mtazamaji lipime lenyewe maji yalivyopanda. Ukibadilisha pembe kila mara unamnyima kipimo hicho, na yeye hana kingine cha kushika gizani.

Usimfanye mvuvi mjinga wala kipofu. Mitumbwi ya mbao huvuja kidogo kila siku, na kila mvuvi ana kopo la kuchotea maji ya ndani. Basi achote, amwage, aendelee na kazi akilalamika kwamba mtumbwi umezeeka. Yeye ana sababu ya kutokuwa na hofu, mtazamaji ana sababu ya kuwa nayo. Pengo hilo kati ya wawili hao ndilo unaloishi ndani yake kama mwongozaji; ukiliziba mapema filamu imekwisha. Mimi ningechelewesha mvuvi kuelewa mpaka karibu dakika ya tisa.

Kuhusu nyuso, nimeona katika vipande ulivyonitumia kwamba waigizaji wako wanatumbua macho na kuhema kila wakati. Waambie wapunguze. Karne moja iliyopita huko Urusi, mwongozaji Lev Kuleshov aliunganisha uso uleule wa mwigizaji mmoja, usioonyesha hisia yoyote, na picha tofauti: sahani ya supu, maiti ya mtoto ndani ya jeneza, mwanamke. Waliotazama walidai mwigizaji ameonyesha njaa, huzuni, tamaa, ilhali uso haukubadilika. Hisia iliingia pale picha mbili zilipokutana. Kwa hiyo kata kutoka ndala inayoelea kwenda kwenye uso wa mtoto anayesinzia kwa amani. Usimwambie aogope. Watazamaji wataogopa kwa niaba yake, na woga wao wenyewe huwakaa zaidi kuliko ule wanaoonyeshwa na mwigizaji.

Kitu kidogo unachotaka kionekane gizani, kipe mwanga wake. Katika filamu ya mwaka 1941 iitwayo Suspicion, Hitchcock alitia taa ndogo ndani ya glasi ya maziwa inayopandishwa ngazi, ili jicho la kila mtu liifuate huku likijiuliza kama imetiwa sumu. Wewe huhitaji kutia kitu kwenye maji. Tochi ndogo iliyofungwa chini ya ubao wa kukalia, ikimulika sakafu tu, itatosha kuyafanya maji yang'ae kuliko nyuso.

Haya, muziki. Mwaka 1975 mwongozaji Steven Spielberg alitoa Jaws, filamu ya papa mla watu. Papa wa mitambo aliyetengenezewa filamu hiyo alikuwa akiharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, hivyo sehemu kubwa ya filamu ikabidi ipigwe bila yeye. Badala yake tunaona uso wa maji, miguu ya waogeleaji kwa chini, mapipa ya njano yanayokokotwa, na tunasikia noti mbili za mtunzi wa muziki John Williams zikijirudia na kukaza mwendo. Papa mwenyewe haonekani vizuri mpaka saa moja na zaidi imepita. Hayo yanasimuliwa sana. Jambo linalotajwa kwa nadra, nalo ndilo linalokuhusu wewe, ni uaminifu wa muziki ule. Watoto wawili wanapowatisha watu kwa pezi la bandia, muziki wa papa haupigwi. Mtazamaji anajifunza kwamba muziki ule haudanganyi, kisha baadaye papa anaibuka bila muziki, na hapo mtu hana tena pa kujificha. Wewe umepiga muziki wa kutisha tangu jina la filamu linapotokea. Masikio yamezoea kabla ya hatari kuanza.

Ningeufuta wote, halafu ningejenga sauti ya ziwa: maji yanayogonga ubavu wa mtumbwi, wavu unaovutwa, injini ya boti lingine kwa mbali, watu wakiitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Rekodi sauti hizi peke yake, dakika nzima nzima, simu ikiwa karibu na maji na kipande cha sponji kikikinga upepo. Zikae chini ya picha tangu wanapoondoka ufukweni, mpaka mtazamaji asizisikie tena kwa kuzizoea. Ndipo uanze kuzitoa moja moja. Sauti za wenzao zipotee kwanza, injini ya mbali ifuate, mwisho yabaki maji tu, na sasa yanasikika ndani ya mtumbwi badala ya nje. Hakuna ngoma utakayoipakua mtandaoni itakayofanya kazi hiyo.

Kwenye kuhariri, wengi hudhani haraka ndiyo taharuki. Haraka inakuja mwishoni. Mwanzoni acha shoti (kipande kimoja cha picha kisichokatwa) ikae muda mrefu kuliko unavyotaka: mvuvi anavuta wavu kwa sekunde 12 bila kukata, na sisi tunajua maji yanapanda nje ya fremu. Kutokata kunamnyima mtazamaji nafasi ya kwenda kuangalia. Kisha punguza taratibu, sekunde nane, tano, tatu. Na usiogope kuunyoosha muda. Sekunde 20 za kutafuta kopo lililodondoka gizani zinaweza kuchukua dakika nzima kwenye skrini kama kila kipande kinaonyesha jambo jipya: mkono unapapasa, maji, uso, kopo linaelea upande wa pili, mkono tena unalikosa.

Kuna uzi mwingine ambao hukuutumia kabisa, nao ndio ulionifanya nikuandikie kwa urefu. Jirani. Baada ya kuchokoa kalafati anapotea mpaka mwisho. Je, alijua kwamba mtoto angekuwemo? Fanya asijue. Apite usiku nyumbani kwao, amkute mama, aulizie kijana, aambiwe mdogo naye ameenda kujifunza kazi. Kaa kwenye uso wake. Sasa una watu wawili wa kukata baina yao, mmoja anazama bila kujua na mwingine anajua lakini yuko nchi kavu akihangaikia boti, mafuta, na uongo wa kumwambia mwenye boti. Mwongozaji D. W. Griffith alikuwa akisuka matukio mawili namna hii huko Marekani tangu mwaka 1909, na mpaka leo mbinu hiyo haijachakaa. Shika jambo moja tu: mtumbwi wa mvuvi ukielekea kulia mwa skrini, boti la jirani linalomfuata nalo lielekee kulia. Ukigeuza, watu watadhani anakimbia.

Ziwa lenyewe linakusaidia. Usiku wa giza, wakati mwezi haupo na wavuvi wametoka, taa za dagaa zinajipanga majini kama mji. Ziweke nyuma ya mvuvi wako kwenye picha pana. Msaada unaonekana kila upande, lakini hakuna aliye karibu kiasi cha kumsikia. Picha hiyo ya taa ipige kutoka ufukweni, kamera ikiwa imetulia kwenye stendi. Picha za watu piga jua likishazama. Kigoma linazama karibu saa moja jioni, na kuna takribani dakika 20 za mwanga wa bluu ambao simu inauweza vizuri. Funga mwangaza kwenye kamera usijirekebishe wenyewe, upunguze kidogo, itaonekana usiku. Saa nne za usiku simu itakupa chengachenga tu.

Mtoto apone. Mwaka 1936, katika filamu ya Sabotage, Hitchcock alimbebesha mvulana bomu bila yeye kujua, akamzungusha London mpaka taharuki ikafika kileleni, kisha bomu likamlipua. Watazamaji walikasirika, na yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba alikosea. Ukimkaza mtu kwa dakika kumi unadaiwa kumlegeza. Lakini wokovu usiwe wa bure: jirani afike, mtoto avutwe, na pamba ya kalafati idondoke mfukoni mwa jirani mbele ya macho ya mvuvi. Kata hapo. Hakuna haja ya polisi wala ya kuombana msamaha.

Mnapopiga sini za mtumbwi kujaa maji, msitoke kwenda kilindini. Piga kwenye maji ya kiunoni, mtumbwi umefungwa kamba, watu wawili wanaojua kuogelea wakiwa majini nje ya fremu. Gizani hakuna atakayetambua kina. Mtoto avae jaketi la kuokolea chini ya shati pana, hata kama linamvimbisha kidogo, na wajulisheni BMU ya mwalo (kikundi kinachosimamia uvuvi pale ufukweni) mapema ili mtu akiuona mtumbwi unazama usiku asije akaingia majini kuwaokoa kweli.