Kusoma Biblia kwenye simu ibadani: niliwahi kumfungia bibi kitabu chake

Bwana Yesu asifiwe, mleta mada. Umeuliza kama ni kosa kusoma Neno kwenye simu ibadani, maana mchungaji wenu ametangaza simu zote zibaki mifukoni na wewe Biblia uliyonayo ni ya simu. Nakujibu kwa yaliyonipata mimi, mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri huku Kilimanjaro.

Jumapili moja ya Majilio nilikuwa na zamu ya mlangoni. Nikamwona bibi mmoja benchi la nyuma ameinamia simu, mwanga umemmulika usoni, na somo limeshaanza. Nikamwendea nikamnong'oneza, "Bibi, simu tunaweka mkobani." Akaizima. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, nilikuwa natafuta Isaya 40." Akaiwasha tena anionyeshe: herufi nyeupe juu ya weusi, kubwa kiasi kwamba mstari mmoja unakaribia kujaza kioo. Ana presha ya macho. Biblia yake ya karatasi alikuwa hajaisoma kwa miaka, hadi mjukuu wake alipomwekea ile ya simu. Nami nilikuwa nimemfungia kitabu mbele za watu. Baada ya ibada nilimwomba radhi, akanisamehe palepale, lakini jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba Neno linapungua likiwa kwenye kioo. Luka 4 inasema Bwana Yesu alipewa chuo cha nabii Isaya katika sinagogi la Nazareti, na chuo cha siku zile kilikuwa gombo la kukunjua, hakina kurasa za kupekua. Vitabu vya kurasa vilipokuja, Neno lilibaki lile lile.

Hata hivyo mchungaji wenu simlaumu. Akiwa mimbarini hawezi kujua kama unasoma Warumi au unajibu ujumbe, na wewe mwenyewe unajua ujumbe ukiingia jicho linavyokimbilia huko.

Lakini kuhusu kusoma somo mbele ya kanisa kwa simu, hapo nilibadili msimamo kabisa. Siku moja nilisoma somo la Agano la Kale kwenye simu kwa sababu nilisahau miwani nyumbani. Katikati ya mstari simu ikaita. Jina la mpigaji likafunika maandiko, nikabonyeza kwa haraka, na niliporudi programu ikafunguka mahali pengine. Kanisa zima limesimama kimya linanisubiri. Tangu hapo nasomea Biblia ya karatasi iliyo pale mezani, na ninawaomba wasomaji wenzangu wafanye hivyo. Pale husomi kwa ajili yako peke yako.

Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii ni tafsiri. Tukisoma zaburi kwa kupokezana, sisi tuna Union Version ya 1952: "Bwana ndiye mchungaji wangu." Mwenye simu iliyofunguka tafsiri ya Habari Njema anasema "Mwenyezi-Mungu ni mchungaji wangu." Sauti zinagongana, wengine wananyamaza. Hakikisha umefungua tafsiri inayotumika kanisani kwenu, na uipakue yote ukiwa nyumbani. Ukishaipakua, weka simu kwenye hali ya ndege kabla ya kuvuka mlango. Biblia itafunguka bila intaneti na hakuna simu wala ujumbe wa M-Pesa utakaoingia. Punguza mwanga pia, hasa ibada za jioni. Na chaji uwe nayo ya kutosha.

Watoto ni habari nyingine. Shule ya Jumapili natumia Biblia za karatasi tu. Nimefundisha vijana wanaoandika "Habakuki" kwenye kisanduku cha kutafutia wakaupata mstari mara moja, lakini ukiwapa kitabu mkononi hawajui waanzie mbele au nyuma. Mtoto aijue kwanza njia ya kufika Habakuki, simu itamkuta tu.

Ushauri wangu: usibishane na tangazo siku ya Jumapili. Mwendee mchungaji katikati ya wiki, na kama usharikani kuna mtu mwenye macho dhaifu kama bibi yetu, mwombe mwende pamoja, aionyeshe simu yake mwenyewe. Sisi tulilipeleka jambo hili kwenye baraza la wazee, na tangazo letu likabadilika kutoka "zimeni simu" kuwa "wekeni simu hali ya ndege." Yule bibi sasa anakaa benchi la pili.