Kupima jani lililoliwa: usisahau sehemu isiyokuwepo

Zamani nilikuwa nakadiria kwa macho ni kiasi gani cha jani kimeliwa na wadudu. Jani nililoliandikia asilimia 30 asubuhi, jioni naliandikia 20. Nikahamia ImageJ, programu ya bure ya kupima vitu kwenye picha, aliyoiandika Wayne Rasband huko Marekani. Inapima vizuri mno, ila inapima kile tu ulichoiwekea mbele yake.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye picha. Lilaze jani juu ya karatasi nyeupe lingali bichi, maana likinyauka linasinyaa. Weka rula kando, lifunike kwa kioo lisijikunje, kisha piga picha kamera ikitazama chini wima. Ukiwa na skana, tumia hiyo: kwa dpi 300 (yaani nukta 300 kwa kila inchi) kila milimita inapata pikseli karibu 12, na kivuli hakikusumbui. Kivuli kikiingia ndani ya tundu, programu inakihesabu kuwa ni jani.

Kwenye programu, chora mstari juu ya rula uiambie ni milimita ngapi, tenganisha jani na karatasi kwa kiwango cha mwangaza, kisha pima eneo mara mbili: matundu yakihesabiwa kama jani, na yasipohesabiwa. Tofauti ndiyo iliyoliwa.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilishapima majani zaidi ya 60 nilipokutana na moja lililoandikwa asilimia 3. Nikalitazama: lina vitundu vitatu, na ncha yote imeliwa! Kiwavi alikuwa amelila kuanzia pembeni, programu ikaona huo ndio ukingo wake. Nilirudia yote.

Siku hizi nauchora kwanza ukingo uliopotea. Upande mmoja ukiwa mzima, naunakili, naugeuza na kuulaza upande wa pili kwa kufuata mshipa mkuu. Usifanye hivyo kwa majani yenye pande zisizolingana, kama ya begonia. Pande zote mbili zikiwa zimeliwa, natafuta jani zima linalolingana nalo kwenye mmea huohuo, nalichukua kama kielelezo.

Kama majani bado yanakua, linganisha kwa asilimia, kwa sababu tundu la jani changa hutanuka pamoja na jani lenyewe.

Halafu kuna yale yaliyoliwa yakaisha, yakabaki vikonyo. Hayo hayapigwi picha, hivyo ni rahisi kuyasahau, na mmea ulioumizwa zaidi ukaonekana mzima kuliko wenzake. Hesabu vikonyo vitupu kabla hujachuma jani la kwanza, na kila kimoja kiandikie asilimia 100.