Kirusi Hakina "Ili"

Msomaji mmoja, mwalimu wa sekondari, anauliza kama inafaa kuandika kwamba kirusi cha korona "kimeruka" kutoka kwa ndege hadi kwa nguruwe, au aseme "kimehamia". Yote mawili yanaeleweka, ila napendelea "kimehamia", kwa kuwa anayehamia hukaa. Kinachonikera ni sentensi aliyoinukuu kutoka kwenye makala: "Kirusi kilijibadilisha ili kiweze kuwaambukiza nguruwe."

Kitenzi "badili" tulikipata kwa Waarabu, tukakinyambua tukapata "badilisha" na "badilika". Kirusi hubadilika. Kila kinaponakiliwa ndani ya seli, makosa machache hupenya, ingawa virusi vya korona vina kimeng'enya kinachosahihisha mengi kati ya hayo. Na virusi viwili tofauti vikikutana katika seli moja, vipande vya jenomu zao, yaani maelekezo yao yote ya kurithi, huweza kuchanganyika. Mabadiliko mengi hayaleti faida yoyote, na mengine hukiangamiza kirusi chenyewe.

Tuchukue deltakorona ya nguruwe, aina mojawapo ya virusi vya korona, iliyoripotiwa Hong Kong mwaka 2012, kisha ikazuka katika mazizi ya Ohio, Marekani, mwaka 2014. Deltakorona nyingi zinazojulikana ni za ndege, na jamaa wa karibu wa hii wamepatikana kwa shomoro. Miiba iliyo juu ya kirusi hiki hushika protini iitwayo aminopeptidasi N, ambayo kuku, nguruwe na binadamu wanayo kwa maumbo yanayokaribiana, na baadaye kirusi kiligunduliwa hata katika damu ya watoto watatu wa Haiti. Hakuna hatua hata moja hapo ambapo kirusi kilikusudia jambo. Nakala zilizotokea kuoana na protini ya mnyama mpya zilizaana, nyingine zikatoweka.

Wapo watakaonijibu kwamba kiambishi "-ji-" hakidai kusudi, kwani anayejikwaa hakutaka kujikwaa. Nakubali, na kwa sababu hiyo kitenzi "kilijibadilisha" kikisimama peke yake nitakivumilia, japo kwa shida. Kiunganishi "ili" sikivumilii hata kidogo, kwa sababu hutangaza nia, na msomaji akishaamini kwamba kirusi kina nia, hatatazama tena wingi wa wanyama waliorundikwa pamoja wala ukaribu wetu nao, mambo ambayo ndiyo hukipa kirusi nafasi ya kuhama.

Mwalimu aandike hivi: "Kirusi kilibadilika, na baadhi ya nakala zake zikaweza kuwaambukiza nguruwe."